Intaneti kwenye nyaya za umeme: ilipokwama na inapofaa

Oktoba 2005, mji wa Manassas katika jimbo la Virginia, Marekani, ulizindua huduma ya intaneti inayopita kwenye nyaya za umeme mji mzima. Mwaka 2010 ikafungwa. Wateja waliosalia walikuwa mia tano na ushee, na mapato hayakukidhi gharama.

Wazo lenyewe linavutia, hasa kwetu Tanzania: nyumba yenye umeme tayari ina waya, ya nini kuvuta mwingine? Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Data hupandishwa juu yake kwa masafa ya mamilioni ya mizunguko, kisha adapta ya kwenye soketi huitenga. Ndani ya nyumba moja mfumo huu unafanya kazi, na adapta hizo zinauzwa hadi leo.

Tabu huanza nje. Waya wa nguzoni hauna ngao, hivyo unarusha masafa hayo hewani kama antena. Huko Manassas, wapenzi wa redio za masafa mafupi walilalamika kwa miaka. Transfoma nayo huzuia data, kwa hiyo kila moja inahitaji kifaa cha kuivusha. Marekani transfoma huhudumia nyumba chache, kwa hiyo vifaa ni vingi. Kwetu hubeba mtaa mzima: vifaa vinapungua, lakini wateja wengi wanagawana data ya waya mmoja, huku mashine za kuchomelea na chaja za bei poa zikiujaza waya huo kelele.

Waya huohuo unafaa pale data inapokuwa kidogo. Mita nyingi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zilizofungwa nguzoni hupokea tokeni ya tarakimu 20 kutoka kifaa cha vitufe kilichomo ndani ya nyumba, kupitia waya wa umeme wenyewe.

Kwa intaneti yenyewe, kwa maoni yangu, hazina ya shirika la umeme, TANESCO, ni njia na nguzo zake. Juu kabisa ya minara ya msongo mkubwa, waya unaokinga radi unaweza kubeba nyuzi za mkongo ndani yake, na Mkongo wa Taifa umetumia nyuzi za aina hiyo. Kenya Power nayo hukodisha zake kwa kampuni za mawasiliano. Upo pia mkongo usio na chuma, unaoweza kutundikwa chini ya nyaya kwenye nguzo za kawaida. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) unaposimamisha nguzo kijijini, mkongo huo ufungwe wakati huohuo, uanzie shuleni na zahanati.