Sekunde Nane za Taa ya Mkanda

Taa ya mkanda iliwaka saa 4, dakika 49 na sekunde 32 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, tarehe 21 Mei 2024. Ilipofika sekunde ya 40, waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa hewani.

Ndege yenyewe ni Boeing 777-300ER ya Singapore Airlines, safari SQ321 kutoka London kwenda Singapore, ikiwa na abiria 211 na wafanyakazi 18. Ilikuwa juu ya kusini mwa Myanmar, futi 37,000 angani, saa kumi hivi tangu iondoke, na kifungua kinywa kilikuwa kikigawiwa. Abiria mmoja, Mwingereza mwenye umri wa miaka 73, alifariki dunia, na ilidhaniwa kuwa ni moyo. Hospitali moja tu ya Bangkok ilipokea majeruhi wengi wa uti wa mgongo. Haya wasomaji wanayakumbuka, pamoja na picha za dari iliyopasuka na barakoa za oksijeni zikining'inia.

Kisichokumbukwa ni ripoti ya awali ya wachunguzi wa usalama wa usafiri wa Singapore, iliyotoka siku nane baada ya tukio. Niliifungua kutafuta jambo moja tu. Magazeti ya dunia nzima yalikuwa yameandika kwamba ndege ilianguka futi 6,000, nami nilitaka kujua mtu anapona vipi katika anguko la namna hiyo. Jibu ni kwamba halikuwapo. Ndege ilishuka futi 178, yaani mita 54, kwa sekunde 4.6. Zile futi 6,000 zilikuja dakika 17 baadaye, marubani walipoishusha kwa hiari yao, taratibu, wakielekea kutua Bangkok baada ya kuarifiwa kwamba kuna majeruhi.

Kwa hiyo mita 54 ndizo zilizovunja migongo ya watu. Ripoti inaeleza ilivyokuwa. Uzito wa mwili wako ukiwa umeketi hapo ulipo, wataalamu huuita G 1. Ndani ya sekunde 0.6, ndege ile ilitoka G 1.35 ikafika G 1.5 chini ya sifuri. Maana yake ndege ilisukumwa chini kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuanguka. Abiria asiye na mkanda hakuruka. Sakafu ndiyo iliyomkimbia, dari ikamfuata kichwani. Kisha, ndani ya sekunde 4, nguvu ikarudi hadi G 1.5, na wote waliokuwa juu wakatupwa chini, wengine juu ya sehemu za kuwekea mikono, wengine juu ya watu.

Haya nayo yanaeleweka. Kilichoninyima usingizi ni zile sekunde 8 kati ya taa na dari. Ripoti inasema rubani mmoja alisikika akitamka kwamba taa ya mkanda imewashwa. Alifanya alichopaswa kufanya. Kwa abiria aliyeketi, sekunde 8 zinatosha: unavuta mkanda, unaupachika, umemaliza. Je, yule ambaye kazi yake ni kusimama?

Swali hilo lilinipeleka kwa mama mmoja wa Tanga ambaye kwa zaidi ya muongo mmoja alihudumu kwenye ndege za masafa marefu za shirika moja la nchi za Ghuba. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa wenzake bado wako angani. Namwita Dada, naye ananiita mdogo wangu.

Nilipomsomea zile saa na sekunde, hakusema neno. Aliinuka, akaenda jikoni kwake, akarudi na mabirika mawili yenye maji na meza ndogo ya magurudumu ambayo mjukuu wake huichezea. Akaiweka katikati ya viti vya sebuleni. "Haya, hii ndiyo toroli," akasema. "Ya kweli ikijaa inakaribia kilo 100. Shika saa. Wewe ndiwe taa."

Nikasema "ting." Akakanyaga breki ya kuwaziwa upande wake. Akanieleza, bila kusimama, kwamba upande wa pili kuna mwenzake naye anakanyaga yake, na kwamba lazima waangaliane macho wahakikishe zote zimeshika. Akachukua birika la kwanza, la kahawa, akaliingiza ndani ya toroli. Akageukia la pili. Akamwambia abiria asiyeonekana afunge mkanda. Akamwambia mwingine aliyekuwa njiani kurudi kutoka chooni akae kiti chochote kilicho wazi. Akashika toroli aisukume kuelekea jiko la ndege, ambako ndiko kiliko kiti chake cha kukunja.

Nikamwambia sekunde 8 zimekwisha. Alikuwa hajapiga hatua hata moja. Birika la pili lilikuwa bado mkononi.

Tulirudia. Safari hii aliacha toroli palepale, akaketi sakafuni kati ya viti viwili, mikono imekumbatia mguu wa kiti. Muda ulitosha. "Ndivyo tulivyofundishwa," akasema. "Ukiona huwahi, keti hapohapo. Kiti kitupu, sakafu, popote. Unamwambia abiria wa jirani, nishike. Nimeshawahi kushikwa mabegani na watu nisiowajua, wananibana kama mtoto wao." Alisita kidogo. "Lakini hapo toroli umeiacha na kilo zake, na juu yake kuna kahawa ya moto. Ukiketi wewe, yenyewe itaketi wapi?"

Takwimu za mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, zinamuunga mkono. Kati ya mwaka 2009 na 2022 watu 163 waliumia vibaya kwa mitikisiko ya hewa katika ndege za mashirika ya nchi hiyo. Kati yao, 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege. Abiria walikuwa 34. Abiria ni wengi mno kuliko wahudumu katika kila safari, lakini hesabu ya majeraha imepinduka, na sioni sababu nyingine zaidi ya hii: hawa ndio wanaosimama wakati sisi tumeketi.

Nilimuuliza Dada kuhusu kitu kingine ndani ya ripoti. Mtikisiko ulianza kabla ya taa, kwenye sekunde ya 21. Kwa sekunde 19 uzito wa watu ulikuwa ukipanda na kushuka, kati ya G 0.44 na G 1.57, huku ndege ikipanda yenyewe pasipo kuamriwa. Kumbe zilikuwapo sekunde 11 zaidi ambazo kila mtu aliuhisi mtikisiko huo mwilini. Zingetumiwa, wangapi wasingeumia?

"Miguu huwa inajua kabla ya taa," alijibu. "Mhudumu mkongwe akihisi sakafu inalegea, anaketi, taa iwake isiwake. Lakini yule binti wa mwaka wa kwanza? Amesimama mbele ya abiria anayedai kahawa yake, msimamizi anamtazama, marubani hawajasema kitu. Akiketi na hali ikatulia, ataulizwa kwa nini aliketi. Mimi niliulizwa." Hakufafanua aliulizwa na nani, nami sikumsukuma.

Baada ya mkasa ule Singapore Airlines iliamua kwamba taa ya mkanda ikiwaka, ugawaji wa chakula unasimama pamoja na vinywaji vya moto. Dada anauona uamuzi huo kuwa mzuri, na mimi pia, ila ana wasiwasi wake: taa ikikaa imewaka saa nzima juu ya Ghuba ya Bengal na hakuna kinachotokea, watu huacha kuiona. Wanainuka, wanafungua makabati ya mizigo. Rubani akiwahi mno anadharauliwa. Akichelewa, ndiyo hayo.

Wala rubani hana macho ya kuona kila kitu. Rada ya ndege inasoma matone ya maji, basi wingu changa linalopanda kwa nguvu, au sehemu yake ya juu iliyojaa chembe za barafu, linaweza kuonekana hafifu. Ripoti inasema SQ321 yaelekea ilikuwa ikipita juu ya mawingu ya namna hiyo yanayokua. Ipo pia mitikisiko ya anga lisilo na wingu kabisa, ambayo rada haiioni katu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha mwaka 2023 kwamba ile mikali zaidi imeongezeka kwa asilimia 55 juu ya Atlantiki ya Kaskazini kati ya 1979 na 2020. Sisi tunaokwenda Guangzhou kwa biashara au Mumbai kwa matibabu tunapita anga nyingine, lakini ukanda wa mawingu ya joto ni wetu, na bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani.

Nilipokuwa nikifunga daftari, Dada aliniuliza kama ripoti imetaja watoto wachanga. Kwenye zile safari ndefu kuna vitanda vidogo vinavyobandikwa ukutani mbele ya kiti cha mama. Kanuni ni kwamba taa ikiwaka, mtoto atolewe kitandani na afungwe kwa mama kwa mkanda wake mdogo. Mara nyingi mama mwenyewe amelala. Inabidi aamshwe, ainuke, afungue kitanda, amwinue mtoto, aketi, ajifunge, amfunge mtoto.

Nikasema basi tupime na hilo, saa bado ninayo. Akakataa. Akasema amewaamsha akina mama wengi mno kwa hiyo taa, jibu analijua. Asilolijua ni kama walioandika kanuni ile waliwahi kumsimamisha mama mwenye mtoto mbele yao wakashika saa.