Binti Mfalme Iman: Mjukuu wa Mwingereza aliyeolewa na Mgiriki wa Venezuela

HARUSI ya Binti Mfalme Iman wa Jordan, iliyofungwa jijini Amman mnamo Machi 12, 2023, huenda iliwashangaza wanaodhani kwamba koo za kifalme za Kiarabu huoana zenyewe kwa zenyewe. Bwana harusi, Jameel Alexander Thermiotis, ni mzaliwa wa Caracas, Venezuela, mwenye asili ya Ugiriki.

Kwa jamaa hiyo ya Bani Hashim, hilo si geni. Nyanyake Iman, Muna, ni Mwingereza aliyeitwa Toni Gardiner kabla ya kusilimu na kuolewa na Mfalme Hussein mwaka wa 1961. Mamake, Malkia Rania, alizaliwa Kuwait na wazazi Wapalestina.

Uzawa huo wa mseto haukumzuia babake, Abdullah wa Pili, kurithi ufalme mwaka wa 1999. Kwa Iman, ambaye alijaliwa binti, Amina, mnamo Februari 2025, mlango huo umefungwa: katiba huwarithisha wanaume pekee.

Isitoshe, chini ya sheria ya uraia ya 1954, mtoto hupata uraia kupitia kwa baba. Maelfu ya wanawake wa Jordan walioolewa na wageni, wasio na jumba wala taji, wamelalamikia sheria hiyo kwa miaka mingi.