Mapumziko ya Mwalimu na Mwezi Mpevu wa Wavuvi

Wasikilizaji, na ninyi wasomaji mtakaoyapata maneno haya katika kijitabu, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya likizo ya mwalimu. Lakini kabla hatujafika shuleni, na tushuke kwanza ziwani.

Mtu akaaye Mabatini, hapa Mwanza, akienda mara kwa mara mpaka soko la Mwaloni kule Kirumba, ataona kwamba dagaa hawaji kwa wingi uleule siku zote za mwezi. Sababu yake yajulikana. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi huwasha taa, dagaa huufuata mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unapowazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote hung'aa, na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kumvuta samaki. Basi kwa siku kadhaa kila mwezi wavuvi wa dagaa hubaki mwaloni.

Je, hufanya nini siku hizo? Wengine hulala, na hiyo ni haki yao, maana wamekesha usiku mwingi. Lakini ukipita utawaona pia wameketi juu ya mchanga, nyavu zimetandazwa mapajani, wanashona matundu. Wengine wanakalafati mitumbwi, na wengine wameifungua mashine ya boti na kijana amesimama karibu akitazama. Hata mabadiliko ya taa zenyewe, kutoka karabai za mafuta hadi taa za umeme wa jua, hayakuja pasipo watu kujifunza: ilibidi mtu akae nchi kavu, apate mchana mweupe wa kuufahamu waya na betri, kwa kuwa usiku wa kazi si wakati wa kujaribu jambo usilolijua.

Sasa na turudi kwa mwalimu. Kalenda ya shule zetu za Tanzania huweka siku 194 za masomo kwa mwaka. Zasalia siku 171, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Likizo kubwa ni mbili, ya mwezi wa Juni na ya mwezi wa Desemba. Wazazi wengi huzitazama siku hizo na kusema, “Walimu wana raha.” Nao walimu huwajibu, “Njoo ushike darasa langu juma moja.” Wote wawili nawafahamu. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto themanini au mia, akasahihisha madaftari yao usiku, hana saa ya kujiuliza kwa nini somo la Jumanne halikueleweka, kwa kuwa Jumatano imekwisha kufika na somo jingine. Wavu umepasuka, lakini boti haiwezi kurudi mwaloni.

Na siku hizi nyavu za walimu zina matundu mapya ambayo si kosa lao. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, katika darasa la awali, la kwanza na la tatu. Kwa mpango huo elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la mwisho. Basi vikundi viwili vitatoka pamoja. Tena Kiingereza, ambacho zamani kilianzia darasa la tatu katika shule zifundishazo kwa Kiswahili, sasa chaanzia darasa la kwanza.

Tuseme yuko mwalimu mmoja wa kike akaaye Mabatini, katika zile nyumba zilizopanda mlima kati ya majabali. Miaka mingi amefundisha darasa la kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu, na kazi hiyo aiweza vema. Sasa aambiwa awafundishe watoto wa miaka sita sauti za Kiingereza. Yeye mwenyewe alikipata Kiingereza kwa maandishi kuliko kwa masikio. Kiswahili kina “i” moja. Kiingereza kina fupi na ndefu, na neno la merikebu hutofautiana na neno la kondoo kwa sauti hiyo tu. Akikosea yeye, watoto mia watakosea vilevile, nao watalibeba kosa lile hadi sekondari, mahali ambapo masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Hilo ndilo jambo zito, wasikilizaji. Likizo ya mtu huyu si mali yake peke yake.

Labda utasema, Serikali imekwisha kuweka mpango wa mafunzo. Ni kweli. Uko mpango uitwao Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa kifupi MEWAKA, ambao walimu wa shule moja hukutana na kusaidiana katika yale yanayowatatiza, na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo na vitabu katika mtandao. Ni mpango mwema. Lakini wenzako wakikuonyesha jambo katika muhula, bado wahitaji mahali pa kulifanya vibaya mara kumi bila ya kuwadhuru watoto. Mahali hapo ni likizo.

Wala si jambo geni katika nchi za ziwa. Kuanzia mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo cha watu wazima, uliofanywa na Serikali pamoja na shirika la UNESCO. Vitabu vyake havikuanza na habari za mbali. Vilihusu pamba, uvuvi, ng'ombe na migomba. Mtu alijifunza kusoma kwa njia ya kazi iliyokuwa mikononi mwake. Kisha, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu walihitajiwa kwa haraka ili watoto wote waingie shule, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa Mwanza, kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi wakakae chuoni.

Hata hivyo mimi nisingemshauri yule mwalimu wa Mabatini aanze na chuo. Shahada ni jambo la miaka na la fedha. Na aanze na tundu moja la wavu.

Juma la kwanza la likizo apumzike. Alale, atembelee jamaa, asishike kitabu. Nasema hivi kwa kuwa nimewaona wenye bidii nyingi wakianza siku ya pili baada ya shule kufungwa, na siku ya sita wamechoka na kuacha. Kisha na achague jambo moja tu alilolishindwa katika muhula uliopita: zile sauti, basi. Si Kiingereza chote. Achukue saa moja ya asubuhi, siku tano kwa juma. Kwa majuma matatu ni saa 15, si haba kwa jambo moja. Asikilize sauti katika masomo ya mtandao, azitamke, ajinase kwa simu yake, kisha ajisikilize. Kusikia sauti yako mwenyewe ikikosea ni uchungu, lakini sikio hufunzwa hivyo. Juma la mwisho awaite watoto wawili watatu wa jirani, awafundishe kibarazani dakika 20, huku mwalimu mwenzake ameketi nyuma akiandika yale aliyoyaona. Huyo mwenzake ni wa lazima. Mtu hawezi kuona kisogo chake.

Ipi kati ya likizo mbili? Desemba mvua zinanyesha, na walimu wengi wa Usukumani wako shambani wanapanda mahindi na pamba. Juni pamba yachumwa. Hakuna likizo iliyo tupu kabisa, wala nisingemwambia mtu aache shamba lake. Saa moja ya alfajiri kabla ya jembe yapatikana. Wengine hutumia likizo kufundisha masomo ya ziada kwa ada. Siwalaumu, mshahara wajulikana. Lakini kurudia somo lilelile kwa njia ileile si kujifunza, hata kama kwaleta fedha.

Liko neno moja kwa waume wa walimu. Shule ikifungwa, mwalimu wa kike hupata shule ya pili nyumbani: watoto wote wapo, wageni waja, chungu hakitoki motoni. Ile saa moja ya asubuhi haitapatikana kwake mpaka mtu mwingine awape watoto uji. Na mtu huyo, bwana, ni wewe.

Mwezi wa Julai shule zifunguliwapo, na aingie na sauti mbili tu, ile ya merikebu na ile ya kondoo, akazitamke mbele ya watoto wake mia. Zilizosalia zangoja likizo ya Desemba.