Kanisa Lililobaki na Watu Wachache

Mtu akiingia katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, mjini Murang'a, huona ukutani picha tano kubwa. Mchoraji wake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma Makerere. Picha hizo zilimalizika mwaka 1959. Zaonyesha maisha ya Bwana Yesu tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, lakini vilima vyake ni vilima vya nchi ya Wakikuyu, na watu wake ni Waafrika. Jiwe la msingi la kanisa hilo liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Dk. Geoffrey Fisher, ili liwe ukumbusho wa Wakristo waliouawa. Wakati ule mji huo uliitwa Fort Hall, na damu ilikuwa ingali ikimwagika. Yafaa kukumbuka jinsi watu walivyosali siku zile.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kabla ya siku hiyo watu wengi sana walikuwa wamekwisha kula kiapo cha Mau Mau. Wengi walikula kwa uchungu wa ardhi yao na kwa kutaka uhuru. Wengine walikamatwa usiku wakalishwa kwa nguvu. Muda si muda makanisa mengi yakawa matupu. Mahali palipokuwa pakijaa Jumapili walionekana wazee wachache, wanawake na mwalimu wao. Tena shule na makanisa ya kujitegemea, ambayo yalipata nguvu baada ya ugomvi wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana, mengi yalifungwa na Serikali, hata waumini wao wakakosa mahali pa kukutanika.

Miongoni mwa waliobaki, wengi walikuwa watu wa Uamsho. Uamsho huo ulitoka Gahini, Rwanda, na Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Desturi zao zilijulikana: kukutana mara kwa mara, kuungama dhambi mbele ya wenzao, kurudisha kitu kilichoibwa, kupatana na adui, na kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda. Zamani baadhi ya wachungaji na wazee wa kanisa waliwalaumu, wakisema ni watu wa makelele na wenye kujiona bora kuliko wengine. Lakini shida ilipofika, ile desturi ya kusema kweli mbele ya watu ikawa ngao. Mtu aliyezoea kutaja dhambi yake waziwazi hakuweza kuwa na siri ya usiku.

Walikataa kiapo, kwa kuwa walisema wamekwisha kushiriki damu ya Kristo katika kikombe cha Bwana, wala hawawezi kuinywa nyingine. Na wengi wao walikataa pia kushika bunduki pamoja na Homugadi, wakisema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Watu wa msituni waliwaona kuwa wasaliti. Watu wa Serikali waliwaona kuwa si waaminifu. Wengine waliuawa usiku nyumbani mwao.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Wakristo wote walikuwa upande mmoja. Walikuwako waliobatizwa wakaingia msituni, na walikuwako waliobatizwa wakawatesa jirani zao kwa jina la Serikali. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, aliwahi kuwa mwanafunzi katika shule ya misheni ya Tumutumu.

Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, wakakamata wanaume kwa maelfu na kuwapeleka kambini. Tangu katikati ya mwaka huo watu zaidi ya milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa katika miji yao, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji vingi vilizungushiwa handaki, na amri ya kutotoka nje ilikuwa kali. Kazi ya kuchimba mahandaki iliwaangukia sana wanawake. Hapo wanawake ndio waliobeba kanisa: waliwafundisha watoto, waliwazika wafu, walisali pamoja na wafiwa. Biblia nzima kwa Kikikuyu ilikuwa imetoka mwaka 1951 tu, nayo ikawa faraja kubwa kwa wenye kujua kusoma.

Mwaka 1955, tarehe 15 Mei, huko Namirembe, Obadiah Kariuki, mtu wa Uamsho, aliwekwa kuwa askofu pamoja na Festo Olang'.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Ndipo ulipokuja mtihani mgumu kuliko wa kwanza. Wafungwa walirudi. Mjane aliketi ibadani pamoja na mtu wa upande ule uliomwua mumewe. Aliyekula kiapo alitakiwa kutubu kabla ya kurudi kwenye Meza ya Bwana. Lakini aliyempiga jirani yake kambini, au aliyejipatia kipande cha shamba la mfungwa wakati wa kuunganisha mashamba, mara nyingi hakuulizwa neno. Mahali watu wa pande zote mbili walipoungama, kanisa lilikua. Mahali upande mmoja tu ulipopiga magoti, uchungu ulibaki ukarithiwa na watoto.

Mwaka 1969, viapo viliporudi katika nchi ya Wakikuyu, safari hii chini ya serikali ya Waafrika wenyewe, makanisa yalipinga waziwazi. Ujasiri huo haukuzaliwa siku ile.

Mkulima wa kahawa hujua kwamba mbuni uliopogolewa huonekana kama umeharibiwa, wala jirani asiyejua kazi hiyo humcheka mwenyewe. Lakini mwenye shamba hatazami matawi yaliyoanguka chini. Hutazama shina kama ni zima. Wale wachache wa mwaka 1953 hawakuwa na wingi wala nguvu. Walikuwa na neno lile lile mchana na usiku, na hilo ndilo shina.