Nani Anaweza Kuingizwa Katika Jaribio la Dawa Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Mapafu?

  

Dada mmoja alinijia kliniki akiwa na bahasha kubwa ya kaki iliyojaa karatasi za hospitali. Mamake alikuwa amepasuliwa kifua na kuondolewa sehemu ya pafu iliyokuwa na saratani. Baadaye wakasikia kuna jaribio la dawa kwa wagonjwa kama yeye. Walienda, mama akapimwa, kisha wakaambiwa hawezi kuingizwa. Wakarudi nyumbani na kukaa wiki tatu bila kwenda popote. Dada huyu akaniuliza, “Sista, kwani mama amekosa nini?”

Mama hakukosa chochote. Na kwa kuwa wengi huuliza swali kama hilo, leo nataka tulizungumzie.

Daktari wa upasuaji akikuambia ameondoa saratani yote, anasema kweli kuhusu ile aliyoiona. Lakini chembe ndogo sana zaweza kuwa zimebaki mwilini, na hizo ndizo huirudisha saratani baada ya miezi au miaka. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa kemotherapia baada ya kupona kidonda. Watafiti nao hujaribu dawa nyingine ili wajue kama zitazuia ugonjwa usirudi. Kwa kawaida wagonjwa hugawanywa makundi mawili kama kwa kupiga kura. Kundi moja hupata dawa mpya, na kundi la pili hupata matibabu ya kawaida au tembe isiyo na dawa ndani yake. Mara nyingi mgonjwa hajui yuko kundi gani, na hata daktari wake hajui.

Nitakupa mfano wa kweli. Kulikuwa na jaribio lililoitwa ADAURA, lililofanywa katika nchi nyingi duniani kwa wagonjwa 682. Dawa iliyojaribiwa ni osimertinib, tembe moja kila siku kwa miaka 3. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 5, watu 88 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, na 78 katika kila 100 waliopewa tembe tupu.

Sasa sikiliza ni nani aliyeingizwa. Ilibidi awe mtu mzima, mwenye saratani ya mapafu ya aina ile isiyo ya chembe ndogo, ambayo ndiyo aina ya kawaida zaidi. Ugonjwa uwe katika hatua ya IB hadi IIIA, yaani haujasambaa mbali, na uvimbe wote uwe umeondolewa. Ubongo ulipigwa picha kuhakikisha saratani haikufika huko. Mgonjwa awe amepona upasuaji na anaweza kutembea na kujihudumia. Muda nao ulihesabiwa: kama hakupata kemotherapia, zisipite wiki 10 tangu upasuaji, kama aliipata, zisipite wiki 26.

Sharti kubwa zaidi lilikuwa la maabara. Uvimbe wenyewe ulipaswa kuwa na kasoro katika jeni inayoitwa EGFR. Mama, usiogope neno hilo jeni. Mara nyingi kasoro hii hutokea ndani ya uvimbe tu. Si laana ya ukoo, na kwa kawaida watoto hawairithi. Huonekana zaidi kwa wanawake na kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Nalisema hili kwa sababu nimewaona akina mama wakinyamaza na ugonjwa wao, wakihofia watu watasema walikuwa wakivuta kisirisiri.

Osimertinib hufanya kazi kwa kuishika kasoro hiyo. Isipokuwepo, dawa haina pa kushika, na mgonjwa angebaki na madhara yake tu, kama vile kuhara na vipele. Jaribio jingine, ALINA, lilihusu dawa ya alectinib, nalo lilichukua wenye kasoro ya jeni ya ALK pekee. Na lile la IMpower010 lilitaka mgonjwa awe amepata kemotherapia kwanza. Kwa hivyo anayekataliwa hapa huenda akakubaliwa kwingine, na kuna atakayekuta hakuna jaribio linalomfaa kwa wakati huo.

Pia kuna mambo ambayo mara nyingi humzuia mtu. Mama mjamzito au anayenyonyesha kwa kawaida haingizwi, na aliye katika umri wa kuzaa hutakiwa kutumia mpango wa uzazi. Moyo, ini na figo hupimwa. Mtu aliyewahi kuugua saratani nyingine karibuni huulizwa zaidi. Kuhusu virusi vya UKIMWI, majaribio mengi ya zamani yaliwafungia nje wote walio navyo; siku hizi baadhi huwakubali ikiwa wanatumia dawa vizuri na virusi vimedhibitiwa. Uliza, usijiondoe mwenyewe.

Hapa kwetu kuna jambo la kifua kikuu. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hutibiwa TB kwanza, kwa maana kikohozi na kukonda hufanana. Dawa moja ya TB, rifampicin, hupunguza sana kiasi cha osimertinib mwilini. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za miti shamba huvuruga dawa za hospitali. Tafadhali usimfiche daktari ili mgonjwa wako “apite”. Nimesikia watu wakishauriana hivyo kwenye foleni, na kusema kweli hunikasirisha. Anayeumia si daktari, ni mzazi wako.

Kabla ya kuondoka wadi, omba nakala ya ripoti ya maabara kuhusu uvimbe uliotolewa. Uliza kipande kilichohifadhiwa kiko maabara gani, kwa sababu hicho ndicho hupimwa jeni. Andika tarehe ya upasuaji mahali utakapoiona. Ripoti ikichelewa, wiki zinaendelea kuhesabiwa.

Hapa Kenya jaribio la dawa lazima likubaliwe na kamati ya maadili ya utafiti na Bodi ya Dawa na Sumu. Unaweza kuomba kuonyeshwa idhini hiyo. Mgonjwa asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, na ikiwa ana akili timamu atie sahihi au kidole mwenyewe, si mwanawe wala mumewe. Anaweza kujitoa siku yoyote na aendelee kutibiwa kama kawaida. Uliza pia nauli na vipimo vinalipwa na nani. Mtu akikudai pesa ili mgonjwa aingizwe, usilipe. Mwulize daktari wako kwanza.

Basi yule dada tulikaa naye, tukatoa karatasi moja moja. Katika ripoti ya maabara ilikuwa imeandikwa wazi kwamba uvimbe haukuwa na kasoro ya EGFR, na jaribio lile lilikuwa la wenye kasoro hiyo. Lakini chini ya ile bahasha kulikuwa na karatasi nyingine, tarehe ya kuanza kemotherapia, ambayo ilikuwa imepita kwa siku nane. Walidhani wakikataliwa kwenye jaribio wamekataliwa na hospitali yote. Nilipiga simu kliniki ya saratani, wakasema bado hajachelewa, aletwe. Kesho yake alfajiri walipanda matatu, yeye na mamake.