Deni Lililolala Ndani ya Diski



Niliitwa Ishiara, soko la nchi ya joto ya Mbeere, katika Kaunti ya Embu, nisimamie mirathi ya mzee wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya ndengu. Nilipouliza habari za madeni, mjane alifunua shuka juu ya meza akasema, "Sheikh, marehemu alikuwa akiniambia, yote nimeyaandika humu."

Chini ya shuka palikuwa na Amstrad PCW 8256, mashine ya kuandikia iliyotolewa Uingereza mwaka 1985, yenye kioo cha herufi za kijani. Kijana wake alikwisha kupeleka diski moja kwenye duka la kompyuta, haikuingia popote. Diski hizo ni za inchi 3, na zile zilizozoeleka kwenye kompyuta zilikuwa za inchi 3.5. Hata ingeingia, kompyuta isingefahamu mpangilio wa maandishi yake. Akashauriwa auze mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nikawazuia. Mirathi haigawanywi mpaka madeni yalipwe na wasia utekelezwe. Na madeni yenyewe yalikuwa ndani ya diski.

Mashine hii huamka kwa kusoma diski ya programu yake, LocoScript. Haikuamka. Fundi wa redio aliifungua akakuta mkanda wa mpira unaozungusha diski umelegea, ugonjwa ujulikanao sana wa mashine hizi, akautia mwingine. Diski za marehemu tulizifunga kwa kizuizi chake, kisiandikwe wala kufutwa kitu. Kisha kila faili tukaitolea nakala ya herufi tupu, isiyo na mapambo ya LocoScript, katika diski nyingine.

Ikabaki kuvuka. Alhamdulillahi, marehemu alikuwa na kile kisanduku cha CPS8256 kinachochomekwa nyuma ya mashine. Tukakiunganisha na kompyuta kwa waya uliopishanishwa, panapotumwa huku papokelewe kule, tukaweka mwendo mmoja pande zote mbili. Mwendo ukitofautiana, hutoka takataka. Maandishi yakaanza kushuka mstari baada ya mstari, na mjane akalia.

Humo mlikuwa na deni la magunia ya ndengu kwa mama mmoja wa sokoni. Lakini maandishi ya mashine pekee hayatoshi kukata shauri. Tulimwita mama yule mbele ya warithi wote. Akataja kiasi kile kile kabla ya kuonyeshwa karatasi. Alikuwa amenyamaza kwa kuwastahi wafiwa. Akalipwa kwanza, ndipo tukagawa.

Enyi akina mama na baba, Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo imeamrisha kuandika pamoja na kushuhudisha. Mnapobadili kompyuta au simu, hamisheni maandishi wakati ile ya zamani ingali hai. Wasia na madeni yachapisheni karatasini, yatiwe tarehe na mashahidi, na mwenzio nyumbani ajue yalipo. Marehemu aliandika, Allah amrehemu. Ila ufunguo wa kusomea hakumwachia mtu.

Allah atuwezeshe kutimiza amana. Amin.