Mlango wa Kutokea: Moto Dukani na Usalama wa Mtoto

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya moto katika maduka, hoteli na majengo ya biashara, na hasa juu ya kitu kimoja: mlango wa kutokea.

Pengine unajiuliza, moto wa dukani unahusu nini afya ya mtoto wangu? Fikiria duka la kawaida hapa kwetu. Mbele kuna kaunta na rafu za unga, sukari na sabuni. Pembeni kuna waya za kuchaji simu. Mahali fulani kuna dumu la petroli ya kuwauzia watu wa bodaboda. Nyuma ya pazia kuna chumba kidogo, mama anapika humo na watoto wanalala humo. Mlango ni mmoja, wa chuma. Dirisha lina vyuma.

Sababu tunaijua sote. Kainuk iko karibu na mpaka wa Turkana na Pokot Magharibi, na kwa miaka mingi watu wameishi na hofu ya mashambulizi na wizi. Mwenye duka hana kosa kuimarisha mlango wake. Lakini mlango unaomzuia mwizi kuingia unaweza pia kumzuia mtoto kutoka.

Jambo hili limetokea katika nchi yetu. Tarehe 28 Januari 2009, moto ulizuka katika duka kubwa la Nakumatt Downtown, katikati ya jiji la Nairobi. Ilikuwa mchana na watu walikuwa wakinunua vitu. Zaidi ya watu 25 walikufa. Baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba walipokimbilia mlangoni, waliukuta umefungwa.

Miaka minane kabla ya hapo, Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos lilichomwa usiku. Wavulana 67 walikufa. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Duka si bweni, lakini funzo ni lile lile. Moto ulianza, na njia ya kutoka haikuwepo.

Moshi ndio adui wa kwanza

Wengi hudhani kwamba watu kwenye moto huuawa na miali. Mara nyingi wanaouawa hufa kwa moshi kabla miali haijawafikia. Moshi una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Mtu akiivuta, kichwa kinazunguka, miguu inaisha nguvu, anaanguka. Magodoro ya sponji na vitu vya plastiki vikiungua hutoa moshi mbaya zaidi. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Ndiyo maana dakika chache za kutafuta ufunguo gizani zinaweza kumaliza maisha.

Tena tukumbuke, gari la zimamoto likiitwa kutoka Lodwar au Kitale lina safari ndefu kufika Kainuk. Na upepo wetu mnaufahamu: cheche moja inaruka kutoka paa hadi paa. Kwa hiyo kinga yetu ya kwanza ni kuwa na njia ya kutoka.

Mama mwenye duka au hoteli afanye nini?

Kwanza, angalia mlango. Usiku ufungwe kwa komeo la ndani, linalofunguka kwa mkono bila ufunguo. Kama ni lazima kutumia kufuli, ufunguo uning'inie kwenye msumari karibu na mlango, na kila anayelala humo aujue, hata gizani. Usikae mfukoni mwa mtu mmoja.

Pili, tafuta njia ya pili. Kama kuna mlango wa nyuma, usirundike magunia na kreti za soda mbele yake. Kama hakuna, mwombe fundi wa kuchomelea atengeneze vyuma vya dirisha moja viwe vya kufunguka, na komeo liwe upande wa ndani.

Tatu, usilaze mtoto chumba kimoja na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko au koroboi, kisha hulipuka. Petroli ikae nje, mbali na moto na mbali na mlango.

Nne, usilale jiko la makaa likiwaka ndani. Hata bila moto kuzuka, makaa hutoa ile hewa ya sumu.

Tano, jaza ndoo mbili za mchanga wa laga uziweke karibu na jiko. Mchanga haununuliwi. Petroli au mafuta ya kupikia yakiwaka, usimwage maji, kwa maana maji husambaza moto. Mwaga mchanga, au funika sufuria kwa kifuniko.

Na wewe unayeajiriwa, fahamu haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakataza milango ya mahali pa kazi kufungwa kwa namna ambayo walio ndani hawawezi kuifungua kwa urahisi na mara moja.

Jambo lingine ni la kila mzazi. Usimfungie mtoto ndani kwa kufuli la nje ukienda kuteka maji au kununua bidhaa. Mwache kwa jirani au nenda naye. Na ukiingia na mtoto katika jengo lolote la biashara, mwonyeshe: "Tumeingia hapa, tunaweza kutokea pale."

Moto ukizuka

Piga kelele ili wote wasikie. Shika watoto, tokeni. Moshi ukiwa mwingi, inameni au mtambae, kwa sababu hewa safi iko chini. Usirudi kuchukua pesa, simu wala unga. Mkiwa nje, hesabu watoto mahali mlipokubaliana kukutana. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kubingirika, au mfunike kwa blanketi.

Mtoto akiungua

Mwagilia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Maji ni haba kwetu, kwa hiyo yakinge kwenye beseni safi uyamwagilie tena. Vua shanga, bangili na pete zilizo karibu na jeraha kabla halijavimba. Nguo iliyonata kwenye ngozi usiivute. Usipake mafuta, dawa ya meno, unga wala kinyesi cha mifugo. Usipasue malengelenge. Funika jeraha kwa kitambaa safi, mwili uliobaki uwe na joto, kisha mpeleke kituo cha afya upesi. Aliyevuta moshi naye apelekwe, hata kama hana jeraha.

Mama, leo usiku kabla ya kulala, fanya jaribio moja. Zima taa, mwambie mtoto wako mkubwa akuonyeshe jinsi ya kufungua mlango. Akishindwa, umejua kazi ya kesho asubuhi.

Mambo ya kukumbuka

Mlango ufunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Kuwe na njia ya pili. Petroli ikae mbali na watoto wanapolala. Moshi ukijaa, tambaa. Jeraha la moto ni maji, si mafuta.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika duka au hoteli unayoenda mara nyingi, kuna njia ngapi za kutokea?
2. Tunawezaje kujilinda na wizi bila kujifungia ndani?
3. Ni nani jirani wa kuachiwa watoto tunapoenda kuteka maji?